Nyumba Yenye Mapaa Mawili

Mbulu mjini
9 Mei 1982

Kaka Xavery,

Shikamoo. Mama anakusalimu, nami pia. Nyumba ingekusalimu, lakini imekatazwa kubadilika, na nadhani hata kusalimia ni kubadilika. Tangu Jumanne tuko chini ya ulinzi wa serikali. Wamechimba shimo mbele ya baraza, wakasimika kibao: NYUMBA YA MJERUMANI. URITHI WA TAIFA. NI MARUFUKU KUBADILI CHOCHOTE. Aliyekuwa wa kwanza kukitumia ni beberu wa jirani. Alijikuna mgongo hapo mpaka kikainama, wala hakuna aliyemkamata.

Aliyekileta ni bwana mmoja wa mambo ya kale, anaitwa Joakimu, katokea Arusha na kamba ya kupimia. Mtu mpole. Nadhani anapenda nyumba kuliko watu wanaolala ndani yake, lakini hilo si kosa, maana nyumba hazikopi chumvi. Alinitembeza ndani ya nyumba niliyozaliwa, akinieleza. Matao ya baraza ni mtindo wa boma kabisa. Msingi wa mawe, matofali ya kuchoma, kuta nene kama mkono mzima. Kisha akaenda nyuma, kwenye kile chumba kilichojichimbia mlimani, ambacho hakina mlango wa kuingilia ndani kwetu, ila mlango wake wenyewe unaotazama bondeni. Akashika kona, akapitisha kidole. "Unaona, dada? Matofali ya chumba na ya nyumba yameumana kama meno. Vilijengwa pamoja, na mkono mmoja. Hii ni stoo ya baruti."

Lile tundu la ukutani, linalotokea barazani, pale inapozunguka ubavuni, usawa wa benchi la mawe, kasema ni la kupenyezea bunduki. Limejengwa kwa mshazari ili risasi ya adui isiingie moja kwa moja. Na ule upenyo kati ya paa la nyumba na paa la chumba, ambao umenilowesha cherehani tangu nijue kushona, kasema ni wa makusudi: baruti ikilipuka, moto usirukie nyumba kubwa.

Nikamwuliza, "Na mafiga yaliyomo ndani, bwana? Dari zima ni masizi. Mjerumani gani anapika juu ya baruti?"

Akafikiri. Akasema, "Huku kwenu baridi."

Mama alikuwa uani anachambua maharage. Aliposikia neno baruti akasimama, akachukua kapu, akaenda kuchuma mboga jua la saa sita. Mboga zimejaa hapo hapo dirishani.

Lile bati uliloahidi tangu mavuno ya mwaka juzi, la kuziba upenyo, sasa usilete. Ni marufuku. Umeokoka.

Angela wako mbona haandiki? Zamani kila likizo ikikaribia alikuwa ananiagiza kitambaa. Msalimie ukipita shuleni kwake Nangwa.

Samahani kwa barua ndefu. Sukari imepotea madukani, kwa hiyo na magazeti ya kufungia sukari yamepotea, na unajua elimu yangu yote ilipitia humo. Nikikosa cha kusoma naandika.

Mdogo wako,
Fabiola


Mashamba ya Ngano, Basotu
20 Mei 1982

Mdogo wangu Fabiola,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Sulle wa lori, aliyenikabidhi akisema, "Ya dada yako hii, nzito kama tofali." 

Mbona unaandika kama aliyeibiwa? Hii ni heshima. Nikwambie jambo: huyo Joakimu alipita hapa kabla hajafika kwenu. Alinitafuta mimi, mtoto mkubwa wa Marehemu Margwe, na nilimweleza yote mbele ya meneja. Nimetia na sahihi. Nyumba ya babu mwashi nani angeijali? Lakini ya Mjerumani serikali itaitunza, na siku moja wataezeka paa lote upya, nawe utashona pakavu. Hiyo inaitwa akili ya mbele.

Wala sikudanganya. Umesahau Mama alivyokuwa akituambia? "Msiingie mle, msicheze mle, Mdachi aliacha baruti." Mimi nilipigwa kwa kukanyaga kizingiti tu. Nilimweleza mwalimu wetu, akalisimulia darasa, na lile darasa limekua, sasa ndilo linakaa halmashauri. Hivyo ndivyo historia inavyokwenda. Usiikoroge kwa masizi.

Hapa sina raha. Ngano inageuka rangi kila asubuhi na kombaini langu linasubiri mkanda kutoka ng'ambo. Nalizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Hata usingizini nageuza usukani, asema wifi yako.

Angela hajambo. Masomo mengi.

Kaka yako,
Xavery Margwe


Mbulu
6 Juni 1982

Kaka,

Shikamoo. Akili yako ya mbele imefika, imekuja na muhuri.

Tumeletewa barua ya kutuhamisha. Nimeisoma kwa sauti mara tatu, mara mbili kwa Mama na mara moja kwa beberu. Inasema hivi: mali za Wajerumani zilichukuliwa na serikali baada ya vita vya kwanza. Nyumba hii ni ya Mjerumani, "kama alivyothibitisha mwana mkubwa wa familia inayokaa humo." Basi nyumba ni ya serikali, na sisi ni watu tuliokuwa tukikaa. Mwisho wa Agosti tuwe tumetoka. Itakuwa nyumba ya wageni. Wageni gani? Wanaokuja kutazama ngano yako. Utakuwa unawavunia mchana, nao wanalala kitandani mwa Mama.

Mama alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Tangu siku hiyo anatembea tu. Anatoka mlango wa mbele, anazunguka nyumba, anasimama bondeni kwenye chemchemi ya zamani, anarudi. Nikimwuliza anatafuta nini, anasema kuku. Hatuna kuku.

Nilimwandikia Joakimu kwamba nyumba aliijenga babu Qamara, fundi mwashi wa misheni, na kila mzee wa hapa anajua. Amejibu kwa adabu. Wazee aliowauliza wamesema walimwona Qamara na mwiko na udongo mikononi, ndiyo, lakini fundi anayekarabati pia hushika mwiko. Na Qamara alikuwa amekarabati boma la hapa, basi atakuwa alikarabati na nyumba hii. Ananiomba nimweleze jambo moja tu: Mwiraqw mwenye ng'ombe wachache na watoto, wakati wa Mwingereza, amani tupu, angejenga stoo yenye tundu la bunduki kwa sababu gani? Nikipata jibu, anasema, atasikiliza.

Sina jibu. Na mimi najiuliza kitu kingine. Babu aliweza kujenga matao yasiyopasuka mpaka leo. Mtu huyo angeshindwa kuunganisha mapaa mawili?

Fabiola


Basotu
15 Juni 1982

Fabiola,

Sikujua. Wallahi, kama wasemavyo watu wa pwani hapa karakana, sikujua.

Siwezi kuja. Kombaini limepata mkanda, tunaanza kuvuna, na dereva akiondoka sasa harudi kazini. Mwulize Mama. Alizaliwa na Qamara, alikuwa msichana mkubwa wakati huo, lazima aliona. Aseme tu chumba kilikuwa cha nini. Mahindi, ndama, viazi, chochote. Ukweli hauna ugumu.

X.


Mbulu
27 Juni 1982

Kaka,

Shikamoo. Nimemwuliza Mama. Nilimwandalia chai ya maziwa, nikakaa chini kabisa kama mtoto, nikasema, "Mama, kile chumba kilikuwa cha nini?"

"Cha Mdachi."

"Mama, babu alikijenga Mdachi keshaondoka."

"Basi alirudi."

"Wanatufukuza, Mama."

Akanywa chai yote. "Mwache Mdachi alale, Fabiola. Akiamka ataamka na wengi." Akaondoka kwenda kutafuta wale kuku.

Kwa hiyo nimeanza kufunga vyombo. Nyumba ikifungwa inatoa sauti nyingine. Kila kabati ninalosogeza linaonyesha ukuta ambao sijawahi kuuona, na mimi najiita mwenyeji.

Jambo la pili. Tumepata mgeni. Alikuja na Sulle, amekaa juu ya magunia, na kifurushi cha khanga. Anakula vizuri, hasemi. Ana masikio yako. Mimba yake, nikikadiria kwa jicho la mshonaji, haitaingia tena kwenye sare ya shule.

Uliniandikia, "Masomo mengi."

Sikuulizi kitu. Nakuarifu tu, kwa kuwa wewe ni baba yake, na huenda hukuwa na habari alipo.

Fabiola


Basotu
4 Julai 1982

Fabiola,

Usinifanyie kejeli. Unadhani nalala?

Shule walimrudisha mwezi wa nne. Sikuandika kwa sababu mkono ulikataa. Mimi ni mwenyekiti wa kigango. Jumapili nasimama mbele ya watu. Ningesimamaje? Na si kanisa peke yake. Unajua desturi yetu kuliko mimi. Binti akipata mimba hajaolewa, yuko kwenye metimani. Hakai nyumbani kwa baba yake, hachoti maji wanapochota wengine, haombwi moto wala hapewi, hata njia anapita yake. Wazee wa zamani walimtoa hadi mpakani, na hakuna aliyewaita wakatili. Nilifanya walivyofanya wazee. Nilimwambia aondoke. Mama yake akalia, nikamwambia naye anaweza kwenda.

Akaenda kwa Gidahosh, Mdatoga anayelisha ng'ombe pembeni ya mashamba. Wake zake walimpokea. Kisha Gidahosh akanifuata kazini, akasimama mbele ya kombaini na fimbo yake, ikabidi nizime injini. Akaniambia mbele ya vijana, "Xavery! Zamani mlikuwa mnatuachia mabinti wenu mpakani kama mbuzi wagonjwa. Tukawaoa, wakatuzalia vijana warefu. Nilidhani tangu mjue kusoma mmeacha." Vijana wakacheka. Siwezi kusahau kicheko kile. Yeye ndiye aliyempakia kwa Sulle.

Sasa sikiliza. Asikae kwenye nyumba ya Baba. Nyumba tayari ina mkosi, unataka kuongeza? Mweleze Mama kwamba mimi, mtoto wake mkubwa, nimesema hivyo. Atafutiwe kwa watu wengine mpaka ajifungue. Babu yetu Qamara asingekubali aibu kama hii chini ya paa lake.

Xavery


Mbulu
18 Julai 1982

Kaka,

Barua yako nilimsomea Mama. Yote. Uliniambia nimweleze, na unajua yeye hasomi, na mimi si mzuri wa kufupisha.

Angela alikuwepo, anamenya viazi. Nilipofika pale "chini ya paa lake", Mama akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na ufunguo ambao sikujua kama upo, akafungua chumba cha nyuma. Akamwambia Angela, "Kaa kivulini, mjukuu wangu." Akaniambia mimi, "Kamwite yule wa kamba."

Joakimu alifika baada ya siku chache. Mama alikuwa amevaa khanga ya Pasaka. Ninaandika alivyosema, na ameniagiza nisipambe. Ameniagiza pia nikuandikie wewe yote, nisikufiche. Kaa chini, Kaka. Zima injini.

Alisema:

"Mdachi hakulala hapa. Mdachi nilimtunga mimi, watoto wasiniulize. Chumba hiki ni changu.

"Nilikuwa kama huyu Angela. Mama yangu aliona kwanza, akamnong'oneza baba. Baba hakunipiga. Siku ya pili akaanza kufyatua matofali. Tulikuwa tunakaa kwenye tembe hapa hapa, la udongo, zuri tu. Watu wakasema Qamara kapata wazimu wa matofali. Alichoma, akaita mafundi wenzake wa misheni, akajenga bila kupumzika, maana tumbo halisubiri. Alijua jengo moja tu kubwa, boma, basi akajenga kama boma. Nyumba mbele, chumba nyuma. Ukuta mmoja, mlango hakuna. Njia yangu mwenyewe, chemchemi yangu, mafiga yangu.

"Mimba ikaonekana, wazee wakaja. 'Qamara, binti yako yuko wapi?' Akasema, 'Hayupo nyumbani.' 'Yuko wapi?' 'Nyuma ya ukuta wangu.' Wakazunguka nyumba. Wakatafuta kizingiti ninachoshiriki na baba, hakuna. Wakatafuta moto mmoja, hakuna. Wakaja mpaka kwenye maji, wakakuta njia mbili. Mmoja akatazama juu, akasema, 'Paa ni moja. Aliye chini ya paa lako yuko kwako.' Basi baba akapanda ngazi mbele yao na shoka, akakata. Mzee yule akapanda naye, akapitisha kiganja katikati ya mapaa. Kikapita. Wakashuka. Wakaenda zao wananung'unika."

(Hapa nikauliza, kwa kuwa nimeteseka, mbona upenyo mpana vile. Mama akasema, "Mzee alikuwa mnene.")

Joakimu alikuwa ameacha kuandika. Akauliza polepole, "Na tundu, mama?"

Mama akamwambia, "Nenda kakae kwenye benchi barazani. Mgongo ukutani. Usigeuke." Akaenda, mtu mzima na kamba yake shingoni. Mama akakaa ndani kwenye kigoda, mdomo kwenye tundu, nami nikasimama kona, nikawaona wote wawili. Mshazari ule, Kaka, hauhusiani na risasi. Ukikaa, sauti inapita, jicho halipiti. Desturi ilimkataza baba asimwone binti, asile naye. Haikusema lolote juu ya mtu kukaa kwenye benchi lake mwenyewe, ametazama mji.

"Alikuja kila jioni," Mama alisema ndani ya tundu. "Alikuwa anauliza neno moja tu. 'Umekula?' Siku za mwanzo sikumjibu. Nilikuwa na hasira, nilidhani amenifunga. Anauliza, anasubiri, anaondoka. Kesho anauliza. Umekula? Mpaka siku moja nikasema, nimekula, baba. Nikasikia mgongo wake unateleza ukutani. Alikuwa analia, fundi yule."

Joakimu aliporudi, akapita kwenye kona, akashika yale matofali yaliyoumana, akaongea peke yake: "Vilijengwa pamoja. Nilisema mwenyewe. Basi kama chumba alikijenga Qamara, nyumba nzima ni ya kwake. Nyumba nzima ilijengwa kwa ajili ya hiki chumba." Akamgeukia Mama. "Niandike hivi, mama? Itasomwa na watu."

"Andika. Na jina langu uliandike vizuri. Benedikta binti Qamara."

Sasa sehemu yako. Nimekunywa maji kwanza.

Mtoto aliyezaliwa kwenye chumba kile ni wewe.

Nikamwuliza Mama, "Na Baba? Margwe?" Akatabasamu, mara ya kwanza tangu kibao kisimikwe. Kasema Margwe alikuwa kijana wa ng'ambo ya bonde, hakuhusika na mimba ile. Ila wakati kila mtu anakwepa chemchemi yake, yeye alishuka mchana kweupe, watu wakimtazama, akachota kwa kiganja akanywa. Kwa kunywa tu akawa naye yuko kwenye metimani. Wakafungiwa njia wote wawili, hakuna wa kuongea nao isipokuwa wao wenyewe. "Waliyemtaka nimtaje sikumtaja," alisema Mama. "Aliyekunywa maji yangu ndiye baba yenu. Mwandikie Xavery hivyo. Na mwandikie kwamba babu yake alikubali. Alikubali kwa matofali."

Angela anasikia haya yote, viazi mkononi. Analala ndani, nyumba kubwa, kitanda chako cha zamani. Nilitaka kumsafishia chumba cha nyuma, Mama akakataa. Kasema chumba kimeshamaliza kazi.

Fabiola


Mbulu
2 Agosti 1982

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Sulle anasema ngano imebaki kipande na kombaini lako limesimama katikati ya shamba, wewe umo ndani, umeshika usukani, hakuna kinachoenda. Anasema vijana wanaogopa kukugongea.

Nakupa habari nyepesi basi. Barua ya kutuhamisha imefutwa. Tutabaki. Wageni wa ngano watatafutiwa Wajerumani wengine. Kibao wameking'oa, kimebaki shimo, na beberu amehuzunika. Joakimu ameandika maneno mapya, yamekwenda juu kusomwa. Ulinzi uko pale pale, kwa sababu, anasema, nyumba ya namna hii hajawahi kuiona popote. Maana yake upenyo nao umelindwa. Ninavujiwa kisheria.

Angela hakutaji. Nilimwuliza kama nikuandikie salamu zake, akasema, "Kwani yeye aliandika zangu?"

Sikulaumu, Kaka. Wewe ndiye ulitaka historia.

Fabiola


Basotu
23 Agosti 1982

Mdogo wangu,

Nimerudi salama kutoka kwenu. Najua uliniona nikishuka kwenye lori na bati begani na ukajifanya unashona. Asante kwa kujifanya.

Wewe huniandikia yote, basi na mimi nikuandikie yale ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umeenda sokoni, au ulijifanya umeenda.

Nilibisha hodi kama mgeni. Angela alifungua, akaniona, akafunga. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya. Niliongea na mlango. Niliueleza mlango ule mambo ambayo sijawahi kumweleza padre. Haukujibu.

Mama akatokea uani. Sikujua nimsalimie vipi. Miaka arobaini na zaidi nimemwamkia, na siku ile nilishusha tu bati chini. Akatazama bati. "La nini?"

"La kuziba upenyo, Mama."

"Serikali imekataza."

"Nitaziba usiponiona."

"Baba yangu alijua kunavuja," akasema. "Alikuwa fundi. Wazee wale walipokufa wote, nikamwambia, sasa ziba. Akasema aliwapa neno lake. Tena alikuwa anapenda kusikia mvua ikiingia pale, ilimkumbusha kwamba nipo. Wewe unataka kuziba nini?"

Akanionyesha benchi kwa kidevu. Nikakaa, mgongo ukutani, nikatazama mji. Nilisikia ufunguo. Nilisikia kigoda. Kisha sauti yake, karibu na sikio kuliko mtu aliyekaa pembeni, Fabiola, kama inatoka ndani ya kichwa changu. Aliyoyasema ni yangu. Ila nikwambie moja. Alisema mimi nilikuwa nikilia humo ndani, mchanga kabisa, na babu huku nje akiuliza, "Na huyo amekula?"

Nimeishi nikifikiri ukuta ni kitu cha kumtoa mtu nje. Nimekaa kwenye ukuta ule hadi jua likazama na bado sijamaliza kuufikiria.

Mlango wa mbele haukufunguka. Niliondoka asubuhi bila kumwona. Bati nimeliacha, mtengenezee yule beberu wako kibanda, au ufunike cherehani.

Kigango nimewaambia watafute mwenyekiti mwingine, au wanisikilize Jumapili ijayo nikiwaeleza nilizaliwa wapi. Wamesema watafikiri. Wifi yako anapakia mizigo, anakuja kwenu kumhudumia mtoto wake. Nimemwambia anaweza kwenda, na safari hii nilisema vingine.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa. Si yako. Usiisome kwa sauti kwa beberu. Mpe mwenyewe.

Kaka yako,
Xavery


Basotu
23 Agosti 1982

Angela mwanangu,

Ngano imekwisha. Huku mashamba yamebaki makapi na upepo, na Gidahosh ameingiza ng'ombe wake wale mabua. Nimemsalimia mimi kwanza.

Sisubiri majibu ya barua hii. Lori la Sulle linakuja huko kila Jumamosi, nitaandika tena Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Usipotaka kusoma, ziweke tu kwenye lile tundu la ukutani, zitakaa pakavu.

Umekula?

Baba yako,
Xavery